Beki Anayetembea Pekupeku

Ijumaa, 29 Agosti

Mazoezi baada ya sala ya alfajiri, kama Ijumaa zote. Joto liliamka kabla yetu. Unyevu mtupu. Miwani naifuta, inaloa tena. Kiti changu cha plastiki kilikuwa mahali pake kando ya kontena la bluu, ambapo jua huchelewa kufika. Mimi ni mlezi wa timu. Kazi ya mlezi ni kukaa, kutazama na kukemea.

Kocha Mbwana ameleta beki mpya wa kushoto. Faki. Mpemba, umri wa miaka ishirini na ushei, ameingia Doha mwezi uliopita kwa kampuni yetu hii hii ya ulinzi. Tunamhitaji. Msimu uliopita upande wetu wa kushoto ulikuwa mlango wa sokoni. Kila aliyetaka aliingia.

Leo hakuingia mtu. Washambuliaji wetu wote walijaribu. Alimaliza mazoezi bila kupitwa.

Kisha chai ya karaki, ile nzito ya maziwa ya huku, na maneno. Kevo, golikipa wetu Mkenya, alizungumza mpaka chai ikapoa mkononi.

"Wasee, huyu si beki, ni ukuta. Msimu huu mimi nitakuwa nalala golini."

"Kwani msimu uliopita ulikuwa macho?" Bi Zuhura alimwuliza. Huyu ni mtu wa Unguja, anafanya usafi hotelini, na ndiye kiongozi wa washangiliaji wetu. Akaongeza: "Mpemba huyo, baba. Mpemba hapitwi bila ruhusa yake."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona jambo. Kijana anasimama vibaya. Beki huutazama uwanja. Yeye huutazama mstari wa pembeni, mwili kiubavu, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Kocha yeyote angemkosoa. Hata hivyo hapitwi. Jambo lisilo na sababu halinipi raha.

Tena alipita kando ya kiti changu mara mbili kwenda kunywa maji. Hakuniamkia.

Jumapili, 31 Agosti

Basi la kampuni kwenda Pearl, mtaa wa maghorofa tunakolinda. Faki amepangwa katika zamu yangu, lango la maegesho ya chini. Mimi ndiye msimamizi wa zamu, kwa hiyo nitamwona kila siku. Vizuri.

Kuna kiti cha dirishani, safu ya kushoto, ambacho wenzake wanakiita kiti cha Faki. Hajamaliza miezi miwili mjini, tayari ana kiti. Leo nilikiwahi makusudi. Aliingia kwa mlango wa mbele, akaniona.

"Shikamoo, Maalim."

Vizuri kabisa, mkono kifuani. Kumbe adabu anayo. Anachagua siku ya kuitumia.

Viti vingine vilikuwa vitupu. Hakukaa. Alisimama safari nzima ameshika chuma, bega limeegemea kioo. Hakulalamika. Mtu anayekosa kiti chake akanyamaza hunitia wasiwasi kuliko anayegomba.

Jumatano, 3 Septemba

Mkazi mmoja wa jengo alituletea sahani ya tende. Wakati wa mapumziko niliwagawia walinzi mwenyewe. Faki alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anatazama mbele. Nikamnyooshea sahani. Hakugeuka. Nikaishikilia. Hakugeuka. Walinzi wawili Wanepali wakaanza kutazama viatu vyao kwa aibu, aibu yangu mimi. Nikairudisha sahani.

Kiburi cha namna hii sijakiona hata kwa wenye jengo.

Ijumaa, 5 Septemba

Leo nimeona kubwa zaidi.

Nilifika uwanjani mapema. Uwanja wetu ni kiwanja kitupu cha vumbi kati ya gereji na kambi, mistari tunaichora kwa chokaa. Faki alikuwa peke yake. Amevua viatu. Anatembea pekupeku juu ya mstari wa kushoto, polepole, kichwa chini, midomo inacheza. Alifika mwisho, akarudi. Kisha akavuka uwanja, akafanya vile vile upande wa pili. Kisha akavaa viatu, akakaa kuwasubiri wenzake kama mtu asiye na lolote.

Mbwana naye alikuwa amemwona kutoka kwenye basi la kampuni analoendesha. Akanijia kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, huyu anazindika uwanja."

"Nimeona."

"Tumpe muda kwanza. Beki wa namna hii hatupati tena."

Hapo nikamtilia shaka Mbwana naye. Kocha anayeshuku uchawi akaomba muda ana hesabu zake.

Katika mazoezi alimwambia Faki ajaribu beki ya kulia. Faki alikataa. "Kulia siwezi, Kocha." Hakusema hajazoea. Alisema hawezi. Mchezaji wa miguu yote miwili, hawezi kulia?

Wakati wa chai habari zilikuwa zimeshaenea. Nilitegemea watachukia. Walifurahi. Bi Zuhura alipiga kigelegele. Kevo akanigeukia mimi:

"Mwalimu, si wewe ni mtu wa Tanga? Tanga na Pemba si mnajuana na hizi dawa? Tuambie, hiyo kitu inashika mpaka lini?"

Kicheko cha watu wote. Nimefundisha Tanga miaka mingi. Kila hirizi niliyoiona kwenye mkono wa mwanafunzi niliikata kwa wembe mbele ya darasa. Sikuja Doha kuulizwa maswali hayo na golikipa.

Jumatatu, 8 Septemba

Kampuni inatafuta madereva wa mabasi. Mbwana alimpendekeza Faki apelekwe mafunzo. Kazi ya kukaa, kiyoyozi, heshima. Faki amekataa. Ameshukuru, amekataa.

Mbwana ameumia. Aliniambia, "Mwalimu, nimeomba kwa ajili yake kama mwanangu." Namwelewa.

Nani anakataa usukani ili abaki kusimama langoni kwenye joto la maegesho? Dereva anaweza kutumwa popote, alfajiri yoyote, hata Ijumaa. Mlinzi wa zamu yangu Ijumaa yuko huru. Huyu anataka Ijumaa zake. Anazitaka kwa ajili ya nini? Mpira peke yake hautoshi kuwa jibu.

Ijumaa, 12 Septemba

Mechi ya kirafiki na kambi ya jirani. Wengi wao Waganda, nahodha wao anaitwa Wasswa, mtu mkubwa asiyetabasamu. Faki alicheza kama mtu anayesoma mawazo. Winga wao mwenye mbio alikuja mara nyingi, kila mara akaukuta mguu wa Faki umetangulia.

Kipindi cha pili winga yule alianguka. Hakuguswa. Alikuwa pembeni, karibu na mstari, Faki yuko mbele yake hatua kadhaa. Akaanguka ameshika kifundo. Wakambeba.

Bi Zuhura na washangiliaji wake walipandisha wimbo. Kuna mtu alipaza sauti: "Pemba imeongea!" Ujinga. Ujinga wa kutisha. Wasswa alikuja mpaka kwenye kiti changu.

"Mzee, nyinyi watu munafanya kitu kwa kiwanja. Sisi tumeona yule mutu anatembea na miguu tupu. Ligi bado kuanza, mumeshavunja kijana wetu. Mimi nitaenda kwa bosi ya kambi yenu."

Alisema kwa utulivu, na hilo ndilo lililonikaa. Hii nchi si nyumbani. Kwetu uchawi wa mpira ni mzaha wa kijiweni. Hapa ni kesi. Ni polisi, kisha uwanja wa ndege. Na hawatauliza ni nani tu. Watauliza ni wa kambi ipi, na mlezi wao ni nani.

Nilimwomba Wasswa asubiri. Alisema atasubiri mpaka tutakaposajili wachezaji.

Jumapili, 14 Septemba

Nimewaita Mbwana, Kevo na Bi Zuhura kwenye kibanda cha chai. Nimewaeleza bila kuzunguka. Nitalichunguza jambo hili mwenyewe. Nikithibitisha kwamba Faki anafanya ushirikina, nitampeleka kwa bosi wa kambi kwa mkono wangu kabla Wasswa hajaenda, ili timu ibaki safi. Majibu nitayatoa Ijumaa ya usajili, tarehe ishirini na sita.

Bi Zuhura alinitazama vibaya. "Mwalimu, mtoto wa watu huyo. Atarudishwa kwao kama mzigo."

"Kama ni mchawi, arudishwe."

"Na kama si mchawi?"

"Basi hana cha kuogopa."

Kevo hakufanya mzaha leo. Alikunja mikono tu. Wananijua. Nikisema, natenda.

Jumatano, 17 Septemba

Namchunguza. Langoni hatulii. Shingo yake inazunguka kama ya ndege juu ya waya. Kila gari linalopanda kutoka chini analigeukia kwa kichwa kizima. Anaonekana kama mtu anayefuatwa. Mwenye dhamira safi hageuki hivyo.

Kwenye udhu nilikaa bomba la jirani. Mikono mitupu, shingo tupu, kiuno hakina uzi. Hakuna hirizi. Anasali vizuri, bila haraka. Nimejiuliza kama hilo linanituliza. Hapana. Aliyeficha vizuri haonekani ameficha.

Leo asubuhi tena alinipita ukumbini bila salamu. Mchana, tulipokutana ana kwa ana mlangoni, shikamoo nzito. Simwelewi, na kutomwelewa kunanikera sana.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa kitandani. Chai sikwenda kunywa.

Baada ya sala sikubadilisha nguo. Nilikwenda uwanjani na kanzu yangu nyeupe. Kulishapambazuka. Nilipita nyuma ya kontena. Nilitaka kuyasikia maneno yenyewe, niweze kuyarudia mbele ya watu neno kwa neno.

Faki alikuwa anakuja juu ya mstari, pekupeku. Mimi nilikuwa kushotoni mwake. Nilijibanza kwanza, halafu nikaona haya kujibanza, mtu wa umri wangu. Nikatoka. Nikasimama wazi, mkono mmoja kutoka kwake, kanzu nyeupe, mchana mweupe. Nilisubiri ashtuke.

Hakushtuka. Alinipita. Ningeweza kumgusa sikio. Na niliyasikia maneno.

"Kontena. Tangi. Nguzo ya taa." Akasimama, akageuka kiubavu, akakanyaga chini mara kadhaa. "Kontena, goli liko nyuma sana. Tangi, goli karibu. Nguzo, toka, toka."

Basi. Hakuna jina la jini. Hakuna kafara. Majina ya vitu vilivyosimama pembeni mwa uwanja wetu.

Nikapunga mkono mbele ya uso wake, upande wangu. Jicho lilikuwa wazi, zuri, jeusi. Halikupepesa.

Tende. Kiti cha basi. Salamu. Shingo ya ndege. Vyote vilinijia kwa pamoja. Nikasema, "Faki." Akaruka kama aliyeungua.

Alitaka kukimbia. Nikamwambia akae. Tulikaa chini, kwenye vumbi, mimi na kanzu yangu.

Ni tangu utotoni. Alikuwa juu ya mkarafuu, msimu wa kuchuma, tawi likamrudi usoni. Jicho la kushoto halikuharibika sura. Mwanga ndio uliondoka. Kwao wanajua, hapa hajui mtu.

"Ukiwa beki wa kulia?" nilimwuliza.

"Uwanja wote unakuwa kizani, Maalim. Kushoto naugeukia mstari. Adui nampata kwa jicho langu, mstari uko mbele yangu, giza linabaki kwenye goli letu tu. Goli halihami. Nikiona tangi najua goli liko wapi."

"Na miguu mitupu?"

"Nje ya mstari pana kokoto, ndani vumbi laini. Mguu ukishapajua peku, hata ndani ya kiatu unapajua. Yule winga alikanyaga kokoto. Sikumfanya kitu, wallahi."

Nikamwuliza aliwezaje kupita kwa daktari wa macho. Akasema waliambiwa wafunike jicho moja, wasome, kisha wafunike la pili. Alibadilisha mkono. Jicho hakubadilisha.

Nilikasirika. Nilimwambia huo ni udanganyifu. Alikubali, hakujitetea.

"Wakijua, kibarua kimeota nyasi," alisema. "Nitarudi, na kule nyumbani wananitazama mimi."

"Na basi? Umekataa usukani kwa nini, kama uongo unauweza?"

Hapa alinigeukia kwa uso mzima.

"Langoni nageuza shingo, Maalim, gari linasubiri. Barabarani shingo haitoshi. Mule ndani mtakuwemo nyinyi."

Sauti za wenzake zilianza kusikika. Alivaa viatu. Hakuniomba nimfichie. Nilisubiri aombe. Hakuomba.

Jumamosi, 20 Septemba

Sijaridhika. Nimeamka na shaka mpya: huenda amenidanganya na mimi pia. Aliyemdanganya daktari atashindwa na mwalimu mstaafu? Nikaenda langoni nikapita kushotoni kwake mara tatu nikiwa nimebeba mwavuli uliofunguliwa. Hakuona mwavuli. Mkazi mmoja aliniuliza kama ninajisikia vizuri.

Ni kweli, basi.

Alikosea kwa daktari. Simtakasi. Lakini usukani aliukataa peke yake, hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyejua, na Mbwana akamnunia. Mambo haya mawili yako katika mtu mmoja. Nimezoea kusahihisha kwa alama ya ndiyo au hapana.

Nikisema ukweli Ijumaa, si mchawi, na kazi hana. Nikinyamaza, kazi anayo, na ni mchawi. Wasswa atakwenda kwa bosi.

Jumanne, 23 Septemba

Bosi wa kambi alinisimamisha kwenye ngazi. Aliuliza kwa Kiarabu chake cha haraka kama kuna sihri kwenye mpira wetu, yaani uchawi. Kumbe maneno yameshapanda ghorofa. Nikamjibu hakuna. Akanitazama. Nikarudia hakuna. Akasema, wewe ni mtu mzima, nakuamini, lakini akija mtu mwingine kulalamika nitaita polisi.

Mbwana ananiuliza kila siku umeona nini. Namwambia Ijumaa. Anaanza kunishuku mimi. Nimemwona akinong'ona na Kevo, wakakatisha nilipofika. Sasa najua ladha ya kushukiwa.

Ijumaa, 26 Septemba

Kikao cha usajili, kibanda cha chai. Watu wengi kuliko nilivyotaka. Wasswa alikuja, akasimama mlangoni, hakukaa. Faki alikaa pembeni kabisa, bega la kushoto ukutani.

Nilisimama. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote na sijawahi kutafuta maneno kama leo.

Nilisema: nimechunguza. Hakuna uchawi. Faki asajiliwe, beki wa kushoto, na asichezeshwe kwingine.

Mbwana akauliza walilotaka kuuliza wote.

"Sasa pale mstarini huwa anafanya nini, Mwalimu?"

"Najua anachofanya. Sitawaambia."

Kelele zikaanza. Kevo akapiga paja. "Wueh! Mwalimu amewekwa mfukoni!" Mwingine nyuma akasema, "Tanga na Pemba, nilisema mimi, damu moja." Bi Zuhura alinitazama, akamtazama Faki, akarudi kwangu. Mwanamke huyo ana macho mawili mazima. Sijui ameona kiasi gani.

"Mwalimu kashasema," akawanyamazisha. "Wangapi humu mmewahi kumsikia akisema uongo?"

Swali hilo lilinichoma zaidi ya kelele.

Wasswa alisema kutoka mlangoni, "Mzee, hiyo si jibu."

Nilikwenda mpaka pale alipo. Nikamwambia: ukienda kwa bosi, anza na jina langu. Sema kitu kinachofanywa uwanjani kinafanywa na mimi. Mlezi wa timu ndiye anayejibu. Faki awe wa pili.

"Wewe? Mwalimu?"

"Mimi."

Hakuamini. Kisha nikaona anaanza kuamini, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliondoka bila kuaga. Sijui atafanya nini.

Faki alikuwa bado amekaa. Hakuwa ameinua kichwa.

Jumatano, 1 Oktoba

Bosi wa kambi hajaniita. Kila hatua kwenye ngazi naidhania yeye. Sili vizuri.

Wapishi wawili wameacha kuniita Mwalimu. Wananiita Fundi. Mmoja ameniomba dawa ya mchumba. Nilimkemea mpaka akadondosha mwiko. Akaondoka ameridhika, eti nimemtupia neno.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mechi ya kwanza ya msimu. Joto limevunjika kidogo, watu wanaweza kusimama nje. Ratiba imetupangia kambi ya Wasswa.

Walikuwa wamejipanga upande wa mstari kabla ya timu kuingia, wengine na simu mkononi, tayari kumpiga picha Faki akitembea pekupeku. Faki aliwaona. Alikaa chini amevaa viatu. Hakusogea. Alikuwa amekata shauri acheze bila kuutembelea mstari. Chokaa ilikuwa imechorwa upya jana, imesogezwa ndani kidogo kwa sababu ya lori lililoegeshwa. Mstari asioujua.

Niliinuka kwenye kiti changu. Nikavua viatu. Nikavua soksi, nikazikunja, nikaziweka ndani ya viatu. Nikamwendea Faki kwa mbele, anione.

"Simama."

Tukatembea. Yeye juu ya mstari, mimi kushotoni kwake, kwenye kokoto. Kokoto za Doha ni kali, na nyayo zangu ni za mtu wa ofisi. Simu zote zilitugeukia. Sikuficha midomo.

"Kontena," nilisema.

"Kontena."

"Lori. Hili jipya."

"Lori."

"Tangi. Nguzo ya taa."

Kisha upande wa pili: gereji, mkunazi, kibanda cha mlinzi. Nilipomaliza, watu wa kambi ya jirani walikuwa wamerudi nyuma kutoka kwenye mstari, kila mmoja kwa wakati wake, kama maji yanayojitenga na mafuta. Mtu anathubutu kumpiga picha kijana wa Kipemba. Mzee wa Tanga mwenye ndevu nyeupe hampigi. Nilimwona mmoja akifuta picha haraka.

Wasswa alikuwa ameweka mikono kiunoni. Alitikisa kichwa, akageuka kuwapanga wachezaji wake. Hakwenda kokote.

Winga wao mpya hakutaka kuja upande wetu wa kushoto. Walimpigia kelele, akaja mara moja, akapiga mpira kutoka mbali, akakimbia kurudi katikati. Faki alipata mchana mwepesi. Tumeshinda, bao moja.

Sijasema uongo hata mmoja tangu jambo hili lianze, ukiondoa ule niliomwambia Wasswa mlangoni. Nao leo nimeutimiza kwa miguu yangu. Hata hivyo watu wote wamelala na uongo, na mimi ndiye niliyewapa. Sipendi. Ningefanya tena. Sipendi hilo pia.

Nyayo zinauma. Bi Zuhura aliniletea maji ya chumvi kwenye beseni, akaniwekea miguuni, asiniulize kitu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Zamu ya asubuhi. Nimehamisha kiti cha mlinzi wa lango la chini, kimevuka njia. Sasa magari yanapanda kutoka kulia kwa Faki. Aliyeniuliza sababu nilimwambia kivuli.

Kwenye basi nilikaa kiti cha ndani, safu ya kushoto. Cha dirishani nilikiacha. Faki alipoingia nikampisha apite. Akakaa, akaegemea kioo.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

Barabara ilikuwa tupu. Karibu na daraja la kuingilia Pearl nilikumbuka tende zilizokuwa mfukoni, zimefungwa kwenye karatasi. Nikazifungua, nikamnyooshea.

Akachukua mbili.